Mpanda Baiskeli na Haki ya Njia



Jambo nililokuja nalo leo pengine utaliona dogo, na utasema moyoni mwako, "Huyu mzee leo amekosa la kuandika." Nataka tuzungumze juu ya baiskeli. Sikusudii bei yake wala namna ya kuitengeneza. Nakusudia adabu ya yule aliyekaa juu yake anapokutana na mwenziwe anayekwenda kwa miguu. Jambo hili nimekaa nalo kifuani kwa miaka mingi, na sababu yake nitakueleza, ingawa kuieleza kwenyewe kwanitia haya.

Mwaka 1976 nilikuwa kijana wa miaka 17, tukikaa Mji Mkongwe wa Unguja, mtaa wa Kiponda. Marehemu baba alikuwa na baiskeli nyeusi ya Kiingereza, ya zile nzito ambazo breki zake hazina waya bali zavutwa na fito za chuma. Alikuwa akiitunza kama mtu atunzavyo mnyama wake. Kila Ijumaa asubuhi huitoa nje akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, akaugusa mnyororo kwa kidole kuona kama umekauka. Siku aliponiruhusu kuipanda kwenda nayo skuli aliniambia neno moja tu: "Usiivunje." Hakunambia nisimvunje mtu, kwani hakudhani kwamba jambo hilo lahitaji kusemwa.

Wewe uliyekulia katika mitaa ile, au Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu, wajua njia zilivyo. Watu wawili wakikutana na mmoja ana kikapu, mmoja wao hugeuka ubavu ili mwenziwe apite. Huku baraza na huku baraza, kona haijesha nyengine yaanza, na kilichoko mbele hukijui mpaka umekifikia. Nami kona zile nilikuwa nikizijua zote hata gizani. Nilikuwa nikizikata kwa kengele, kring kring, nimeinama juu ya usukani, na watu wakijibanza ukutani kunipisha. Na nikwambie kweli, msomaji wangu: nilikuwa nikipenda kuwaona wakijibanza.

Asubuhi moja ya masika, usiku wake mvua imenyesha na njia bado imelowa, nilikuwa nimechelewa skuli. Mbele yangu alikuwa akienda bibi mmoja jirani yetu, ambaye jina lake silitaji. Amejitanda kanga, mkononi ana bakuli la mbaazi amelifunika kwa kawa, anarudi nyumbani kwake. Nikapiga kengele nikiwa nyuma yake kiasi cha hatua ishirini. Nikapiga tena. Nikamwona anasita, kisha anasogea kushoto, nami nikaelekeza gurudumu kulia. Ghafula akarudi kulia. Nikabana breki, na breki hazikushika. Gurudumu halikumpata, lakini ncha ya usukani ilimpiga ubavuni, akaangukia ukingo wa baraza.

Sasa sikiliza nililolifanya. Kabla sijamwinua, kabla sijauliza kama ameumia, nilimwambia, "Bibi, si nimekupigia kengele!"

Ndilo neno nililolisema. Wanaume waliokuwa wamekaa barazani wakaja wakamnyanyua, mmoja wao akaokota vipande vya bakuli ili watoto wasijikate, na mimi nikapanda baiskeli yangu nikaenda skuli. Njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba sina kosa, maana kengele nilipiga, tena mara mbili, na mashahidi wapo.

Yule bibi alikuwa amevunjika nyonga.

Jioni ile baba aliitia baiskeli ndani akaifunga kwa mnyororo wa mlangoni. Akaniuliza, "Umekwenda kumtaka radhi?" Nikamjibu, "Baba, nilipiga kengele." Alinitazama muda mrefu bila ya kusema kitu, kisha akatwaa kofia yake akaenda zake msikitini. Wiki tatu zikapita sikwenda. Mwishowe mama ndiye aliyenivuta. Alinambia nimbebee kikapu, sikujua anakwenda wapi, nikastukia tuko mlangoni mwa yule bibi na mama ameshapiga hodi.

Nilimkuta amelazwa kitandani, amekonda. Nikapiga magoti nikamshika mkono nikamtaka radhi, na kwa ujinga wangu nikaongeza kwamba nilidhani hakuisikia kengele. Akanijibu kwa upole, ambao ulinichoma zaidi kuliko angalinitukana: "Kengele niliisikia, mwanangu. Mara zote mbili niliisikia. Lakini haikunambia niende wapi."

Alinisamehe palepale, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliishi mpaka mwaka 1983, na katika miaka yote ile hakutoka nyumbani ila kwa kushikwa mkono huku na huku. Naye kabla ya siku ile alikuwa hakosi hitima wala harusi mtaani, na watoto wengi wa mtaa ule alikuwa akiwaogesha yeye mama zao wakiwa arubaini. Baba alipofariki ndipo nilipojua kwamba kila mwisho wa mwezi alikuwa akimpelekea chochote, kwa siri, mpaka bibi alipokufa. Mimi hakunambia.

Basi, ndugu yangu, neno la yule bibi nimelifikiri sana, na kila nikilifikiri naliona lina maana kubwa kuliko alivyolikusudia. Sisi tunaopanda baiskeli twadhani kwamba kengele ni adabu. Mtu akishaipiga huona ametimiza wajibu, na lolote litakalotokea baada ya hapo ni juu ya yule mwengine. Lakini itazame kengele yenyewe inasema nini. Yasema, "Naja." Haisemi naja na nini, wala kwa mwendo gani, wala kwamba nitapita upande gani. Anayeisikia kwa nyuma lazima astuke, ageuke, atambue, aamue, kisha asogee. Mimi nilikuwa kama mita 15 nyuma yake. Baiskeli iendayo kilomita 15 kwa saa, ambao si mwendo wa mbio, hukata zaidi ya mita 4 kwa kila sekunde. Kwa hivyo yule bibi wa makamo yake, mwenye bakuli la moto mkononi na utelezi chini ya miguu, nilimpa sekunde nne hivi za kufanya hayo yote. Na mimi niliyekaa juu, mwenye macho ya kumwona na yeye hanioni, kazi yangu ilikuwa kubonyeza kidole gumba.

Wazee wetu walikuwa na jambo zuri kuliko hili. Mchukuzi akipita na mzigo katika njia nyembamba alikuwa akiita, "Similla! Similla!" na yasemwa kwamba asili ya neno hilo ni Bismillahi. Tena hakuishia hapo, alikuwa akitaja alichonacho: similla punda, similla ubao. Aliyesikia "punda" alijua ajiweke vipi, na aliyesikia "ubao" alijua kwamba kinakuja kitu kirefu ambacho mbele kitapita na nyuma kitapinda kwenye kona, kwa hivyo ajitenge sana. Yule mchukuzi alikuwa mtu maskini amelemewa na gunia au mbao, jasho lamtoka, na bado aliona wajibu kumwambia mwenziwe kwa kinywa chake ni kitu gani kinachomjia. Sisi tuliokaa kitako juu ya tandiko twaona uzito kufungua mdomo.

Na baiskeli ina hatari moja ambayo punda hana, nayo ni kwamba haina sauti. Punda utamsikia kwato zake, tena ana macho yake mwenyewe, hata mwenyewe akilala juu yake hatakubali kujipiga ukutani. Hapo zamani baiskeli nazo zilikuwa na kelele. Mjerumani Karl Drais alipotengeneza mwaka 1817 chombo chake cha mbao chenye magurudumu mawili, ambacho mpandaji alikuwa akijisukuma kwa miguu, barabara za magari ya farasi zilikuwa mbovu, wapandaji wakahamia katika njia za wapiti kwa miguu, na haukupita muda mrefu baadhi ya miji ya Ulaya ikawakataza. Waona basi kwamba ugomvi huu una zaidi ya miaka mia mbili. Kisha mwaka 1888 Dunlop, Mskochi aliyekuwa daktari wa wanyama huko Belfast, akaleta tairi la mpira lililojazwa hewa. Mpandaji akapata raha ya kiuno, na mwenda kwa miguu akapoteza onyo lake. Tangu siku hiyo baiskeli humjia mtu kimya kama paka.

Sasa tuje katika dini yetu, maana hapa ndipo nilipoona haya zaidi. Sisi sote tumesomeshwa chuoni, tangu wadogo, kwamba aliyepanda ndiye amsalimu anayekwenda kwa miguu, na anayekwenda amsalimu aliyekaa. Hadithi hii imepokewa katika vitabu sahihi, na mimi nilikuwa naijua kwa moyo siku ile niliyomwangusha bibi. Nilikuwa nikidhani ni katika mambo ya farasi na ngamia. Baadhi ya wanavyuoni wameeleza kwamba hekima yake ni kumvunja mpandaji kiburi, kwa sababu mtu akishakaa juu ya kitu hujiona yuko juu ya watu. Nami nilikwambia mwanzo kwamba nilikuwa nikipenda kuwaona watu wakijibanza. Basi ugonjwa ulikuwa unajulikana na dawa yake imeshatajwa, nami niliihifadhi nisiinywe.

Tena itazame salamu inavyofanya kazi njiani. Huwezi kumsalimu mtu ukiwa katika mbio, kwa hivyo lazima upunguze mwendo. Sauti ya mtu humwambia aliye mbele kwamba anayekuja ni binadamu, na humwambia yuko upande gani na umbali gani, jambo ambalo mlio wa chuma haumwambii. Ukimwambia, "Assalaamu alaykum, bibi, napita kuliani kwako," amejua yote anayohitaji kuyajua, na atakaa alipo wala hatahangaika. Na akisita, ngoja. Akitaka kukusimamisha akuulize hali ya mama yako, simama umjibu. Kengele sisemi itupwe. Katika barabara pana ina kazi yake, na ukiipiga mara moja kwa mbali, polepole, kabla ya kusema, hapana ubaya. Ninayoichukia ni ile ya karibu, ya mfululizo, ambayo maana yake ni "Nitokee!"

Kona ni mlango mwengine. Macho yakishaona kitu, mpaka mkono ubane breki, sekunde nzima imepita, na katika sekunde hiyo umeshakwenda zile mita 4. Katika kona za mitaa yetu huoni hata mita 3 mbele. Maana yake ni kwamba anayekata kona ya uchochoro kwa mwendo huo ameshamgonga aliye nyuma ya kona kabla ya kumwona, imebaki kuangaliwa tu kama yupo. Na ikiwa mvua imenyesha hesabu huwa mbaya zaidi, kwa sababu rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake mpaka maji yafutike. Breki zangu siku ile zilikuwa nzima. Mwenye kasoro alikuwa mimi, niliyejua kuwa njia imelowa nikaenda mwendo wa kiangazi.

Kwa hivyo panapokuwa pembamba, shuka uikokote. Najua vijana hapa watakunja uso. Lakini chukua njia ya mita 400 uipime. Ukiipanda utaimaliza kwa dakika moja na nusu au zaidi kidogo, na ukishuka ukaikokota utaimaliza kwa dakika tano. Tofauti ni dakika tatu na kitu. Siku ile nilifika skuli nimechelewa vilevile.

Huko mashamba na pwani ya mashariki nyembamba si mitaa, ni vijia vya miguu baina ya mihogo na minazi. Huko utakutana na akina mama waliojitwika kuni, ndoo za maji, au magunia ya mwani mbichi wanaoutoa baharini. Mtu mwenye mzigo kichwani shingo yake haigeuki. Hawezi kutazama nyuma wala kuinama kutazama mguu anauweka wapi, na akistuka mzigo ndio utakaoamua aangukie wapi. Kumpigia huyu kengele ili akutokee katika majani yenye umande, na wewe umekaa, ni ukosefu wa haya. Wewe ndiye utoke kwenye njia, ushuke, uisimamishe baiskeli nje majanini, apite yeye kwanza. Hata mtoto aliyebeba dumu la maji mpishe. Nimewaona watu wazima wenye heshima zao wakilifanya hili huko Makunduchi na wala heshima yao haikupungua hata chembe.

Yako na mengine madogo madogo ambayo sitayapanga kwa nambari, maana hii si sheria ya barabarani. Dimbwi la maji machafu, kwa mfano. Mtu ametoka kwake Ijumaa, ametia udhu, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, nawe unapita ukamrushia matope mpaka kifuani, kisha unageuka ukasema "samahani" huku miguu haiachi kukanyaga pedali. Samahani gani hiyo iliyo mbioni? Rudi ushuke umtake radhi, na kama nyumba yenu ipo karibu mpe maji. Au vijana wawili wapandao sambamba wakizungumza, wameijaza njia, watu wawazunguke wao. Au yule aliyebeba tenga la samaki kwenye keria, maji ya samaki yakidondoka katika vizingiti vya watu. Au anayeegemeza baiskeli yake penye ngazi za msikiti, usukani umetoka nje, akaingia kuswali kwa unyenyekevu, na mzee asiyeona vizuri akaukuta kwa goti lake. Kuondosha cha kuudhi njiani tumefundishwa kwamba ni katika imani, na huyu amekileta yeye mwenyewe akakiweka.

Na wewe msomaji usiyepanda baiskeli usicheke. Njia ina haki hata juu ya aliyekaa. Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kukaa njiani, na waliposema kwamba hawana budi na vikao vyao, aliwaamrisha waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Sasa wazee wenzangu tukinyoosha miguu yetu kutoka barazani mpaka katikati ya uchochoro, na mabao ya karata, na mtungi wa kahawa na makaa yake, kisha kijana akishuka baiskeli kwa adabu akatusalimu tukamjibu kwa kidevu, kesho yake hatashuka. Na mwenda kwa miguu naye, katika barabara isiyo na njia ya pembeni, aende upande ambao vyombo vinamjia kwa mbele avione. Kwetu Tanzania na Kenya, ambako vyombo huenda kushoto, upande huo ni wa kulia.

Nikupe kisa kimoja kingine, kifupi. Mwaka 1991 nilikuwa nikirudi mjini kwa baiskeli kutoka Mwera. Nimeshika ukingo wa kushoto vizuri, mbele ya magharibi, mwanga bado upo. Nyuma yangu likaja lori, likapiga honi, tena na tena, honi ya kutikisa meno. Sikujua linataka niende wapi. Kushoto kwangu mtaro, kulia kwangu lenyewe. Lilipita karibu mno hata upepo wake ukanisukuma, nikaanguka mtaroni na baiskeli juu yangu. Dereva alipunguza mwendo kidogo, akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Honi hukusikia wewe?"

Nikakaa katika majani nikamcheka. Mtu aliyekuwa akipita alidhani nimeumia kichwa. Honi niliisikia, haikunambia niende wapi! Miaka 15 ilikuwa imepita, na yule bibi alikuwa kaburini miaka minane.

Tangu siku hiyo nikisikia wapanda baiskeli wakiwalaumu wenye magari, na lawama zao ni za haki, mimi huwauliza na wao wanampitaje mwenda kwa miguu. Ujerumani, tangu mwaka 2020, sheria yao inamtaka mwenye gari aache mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji anapompita mpanda baiskeli. Ni jambo zuri, na laiti lingekuwa kila mahali. Lakini ikiwa wewe wataka kuachiwa mita nzima na nusu na chuma cha lori, mpe basi yule bibi japo urefu wa mkono wako, na kama urefu huo haupatikani katika njia hiyo, basi hapo hapapitiki mpaka ushuke. Haki moja huwezi kuidai mbele yako na kuinyima nyuma yako.

Katika barabara kubwa adabu ya mpanda baiskeli ni kujulikana. Usiku awe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, akitaka kukata anyooshe mkono mapema na atazame nyuma kwanza, wala asijishike nyuma ya gari kuvutwa kupanda mlima kama nionavyo vijana wafanyavyo. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliofanywa Vienna mwaka 1968 wamkataza mpanda baiskeli kuvutwa na chombo kingine, kuachia usukani kwa mikono yote miwili, na kubeba kitu kinachomzuia kuendesha vizuri. Wangalituuliza sisi tungaliongeza na simu. Siku hizi mtoto ana baiskeli, masikioni amejaza vitu vya kusikilizia muziki, na kidole kimoja kipo juu ya kioo cha simu. Huyu hasikii similla wala honi wala sauti ya mama yake. Na vyombo vyenyewe vimezidi nguvu. Kuna baiskeli za umeme, ambazo mtu huenda mwendo wa kijana mwenye nguvu bila ya kutoka jasho, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe vespa na pikipiki hupita mahali ambapo sisi tulikuwa tukiona baiskeli ni kubwa. Maneno niliyoyasema juu ya baiskeli yazidishe kwa uzito wa chombo.

Mwaka jana mjukuu wangu alifika umri wa miaka 14 akaniomba baiskeli. Nilikaa nalo ombi lake miezi miwili. Mama yake alidhani ni suala la fedha. Kisha nikamnunulia, iliyokwisha tumika lakini nzima, breki zake nikazijaribu mwenyewe zikiwa kavu na zikiwa zimemwagiwa maji. Nikamwambia, "Kabla hujaipanda, tutaikokota mimi na wewe kutoka Malindi mpaka Darajani."

Tukatoka alasiri. Yeye ameshika usukani, mimi nimeshika tandiko na mkongojo wangu. Nilimwonyesha lile baraza, ambalo ukingo wake sasa umetiwa saruji mpya, nikamhadithia yote niliyokuhadithia wewe, na hili la "si nimekupigia kengele" sikulificha. Alinyamaza kimya. Nikaona limemwingia.

Tulipofika kona ya mbele nikamsimamisha. Nikamuuliza, "Haya, unakuja hapa umepanda, na nyuma ya ukuta huu kuna bibi amebeba bakuli. Utafanyaje?"

Akanijibu haraka, kwa heshima zote, "Babu, nitapiga kengele."

Tukaigeuza baiskeli, tukarudi Malindi kuanza tena.